Ile ya Mutoto

Yaya Zaituni, dada yangu mukubwa, weye mwenye ulinifundisha kusikia,

Tiketi ya basi yenye ulinitumia imefika ku simu. Goma mpaka Kampala, Ijumaa asubuhi. Asante, yaya. Lakini kaa chini kwanza. Nakuandikia barua muzima, mimi mwenye niliacha masomo deuxième secondaire, na naiweka hapa ku grupe ya simu, mashabiki wote wa orkestra yetu waisome, juu ni hapa ku grupe ulisema maneno yako.

Ulisema kisha volkano kumwaga lava ya pili, orkestra ilikufa. Ukaongeza kwamba hakuna kitu imebaki Goma yenye mutu anaweza kungojea. Ya kwanza ulikuwa unaambia mashabiki. Ya pili ilikuwa yangu, nipande basi. Nilikusikia.

Sawa. Unakumbuka muchezo wetu wa pale Majengo? Unaweka kaseti, unaiacha iseme kidogo tu, unafunga, unaniuliza ni wakati gani. Nilikuwa na miaka saba na meno ya mbele hayako. Wengine wanahesabu wakati kwa marais, sisi tulihesabu kwa lava. Mbele ya lava ya kwanza ni kaseti za papa wetu: orkestra inacheza ndani ya sale, ukumbi wa mbao, na miguu ya watu inapiga ile mbao mpaka unafikiri batri, zile ngoma za orkestra, ziko mbili. Kati ya lava mbili ni wakati wako: gitari tatu, sebene, ile sehemu ya kuchezesha watu, ya dakika makumi ine, na viatu vinakwaruza juu ya mawe meusi. Kisha lava ya pili ukaongezeka wakati wetu, wenye unauita makelele. Nilipofika miaka kumi nilikuwa nakushinda, na kila mara ulisema kaseti imeharibika. Usikatae, niko na mashahidi humu.

Na ile safari ya muji wa Kiwanja, kusikia orkestra? Ulinipandisha juu ya lori ya maharage, mama anafikiri tuko kwa shangazi. Ulificha redio-kaseti ya kurekodi ndani ya kitenge, ukasimama mbele ya bafle, ile spika kubwa kuliko zote, sauti ikakupiga kifua siku muzima. Katikati ya solo mbuzi wa mutu akalia, tena ku noti ile ile ya gitari. Nikacheka, ukanifinya sikio mpaka wimbo ukaisha. Wakati wa kurudi, tulipofika karibu na Rumangabo, uliniambia: "Mukanda wenye hauna jina umekufa. Huu ni Ile ya Mbuzi."

Ndivyo tulizijua zote. Ile ya Mvua. Ile ya Jenereta, yenye mafuta yaliisha na watu wakaendelea na sebene kwa midomo, gitari nazo kwa midomo, mpaka kijana akarudi na bidoni ya mafuta. Tulibishana ipi ni tamu kupita zote, na hakuna mutu aliuliza mwaka.

Basi tuje kwa mukanda wa matine ya juzi, ile muziki ya muchana, wenye niliweka humu. Uliusikiliza ukiwa Kampala, ukaandika mambo mawili. Kwanza, gitari ya solo ya muzee wetu, mukubwa wa orkestra, inalia kama bati. Pili, nakuandika vile uliandika: "Nani huyu mutoto ku mi-solo, anakimbia mbele ya batri sawa vile anafukuzwa na mbwa? Muite huu Ile ya Mutoto, mufunge." Mashabiki wakacheka siku tatu.

Mutoto ni mimi, yaya.

Nilikuambia nabeba bafle. Ni kweli nilizibeba, mwaka wa kwanza. Kisha muzee akanikuta nashika gitari yake bila ruhusa, akanisikiliza mbele ya kunipiga, na kofi hiyo mpaka leo haijakuja. Sasa mi-solo, gitari ya pili yenye inatembea pembeni ya solo, ni yangu. Hakuna mwingine Goma hii mwenye anaicheza kama mimi. Najua najisifu. Nilifundishwa na weye.

Rudi dakika ya kumi na mbili. Pale solo inanyamaza. Ulifikiri muzee amechoka. Kamba ya gitari yake ilikatika, ya mwisho yenye tulikuwa nayo. Kamba mupya zilikuwa zinakuja kwa ndege, na uwanja wa ndege unajua umefungwa tangu vita. Muzee hakusimamisha wimbo. Aliniinamia ku sikio.

"Cheza. Ukisimama, wanaenda kwao."

Walikuwa wengi, yaya. Wamama wa Birere wenye hawakuwa wamecheza tangu zamani, vijana wa moto, wale wa pikipiki, wazee na fimbo zao. Niliogopa nikiacha nafasi kubwa kama kidole watakumbuka nyumbani. Njo maana nilikimbia. Nilikimbia kweli, sitabisha. Dakika tisa peke yangu, na hakuna mutu aliondoka. Nyuma yangu muzee alikuwa anachomoa waya mumoja ndani ya kamba ya frein, breki ya moto, anaufunga ku gitari. Bati yenye unacheka ni frein. Mwenye moto alirudi Ndosho polepole sana siku hiyo.

Mupe mupiga solo wako wa kati ya lava mbili waya wa frein, tumusikie.

Usifikiri siogopi. Naogopa, na nakukosa weye vibaya. Tangu uende hakuna mutu wa kunifinya sikio nikicheza mubaya, wote wananipigia makofi tu, na makofi hayafundishi. Wakati wa vita, masasi yakilia, nilitaka kukufuata. Nilifika mpaka ku parking ya basi na begi.

Lakini ulisema wakati wetu umekufa, na kwa mudomo ule ule ukaupa mukanda wetu jina. Kaseti ngapi za papa zilikosa jina, zikafa? Ulitaka kunitukana, ukaniweka pamoja na Mbuzi na Mvua. Hapo huwezi tena kunitoa.

Kwa hiyo siji. Rudisha tiketi. Ijumaa tuna repetisyo, mazoezi yetu, Jumapili matine, na batrista ameniapia kunitupia fimbo nikikimbia tena. Niko na kiti changu cha plastiki kushoto kwake, pale napigia. Mutu akikikalia, namuondoa.

Nakubusu mukono, ule wa kufinya.

Ni mimi mudogo wako,
mutoto wa mi-solo