Kauli ya Mama Kuhusu New York na Kansas

Kaka yangu Salumu,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata bibi. Aliyekupeleka Kansas si mama. Ni mimi.

Unaikumbuka barua yako ile ndefu? Uliandika kuwa chuo cha Kansas kimekukubali, ukatulinganishia maisha ya huko na ya New York ulikokuwa. New York chumba kinameza nusu ya pesa zako, na sahani moja ya wali unaifikiria mara mbili. Kansas chumba ni robo tu, maziwa na mayai bei ya chini, na ungeweza kuweka akiba ya nauli ukarudi nyumbani mapema. Ila New York unao Waswahili wenzako watatu. Ukamalizia: "Mama aseme, nami nitafuata."

Nilimsomea mama yote. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Mwandikie abaki na wenzake. Ughali una dawa. Akiugua peke yake huko, atamwita nani?"

Nikachukua kalamu, nikaandika: "Mama anasema nenda Kansas."

Nilitamani urudi, kaka. Tena nilidhani naijua Kansas. Ulisema ni nchi ya wakulima, nami nikaiona Goweko, kijijini kwa bibi. Unakumbuka likizo tulizokwenda huko kwa treni? Hapa mjini Chemchem hata mchicha tunanunua. Kule jirani analeta viazi, mwingine karanga, na ukipita bila kuonja wananuna. Ulishika tumbo ukasema, "Zuhura, huku hata mvivu ananenepa!" Nikaamini kwamba popote penye bei rahisi pana watu wa namna hiyo.

Sasa unaandika kuwa theluji imefunika barabara, mabasi hakuna, na majirani huwajui hata majina. Ulitania kuwa shikamoo yako unampa ng'ombe wa mwenye nyumba, naye haitikii. Mama hakuyasikia hayo. Kila barua namsomea kana kwamba bado uko New York.

"Wale wenzake hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Wanapika pamoja?"

"Wanapika."

Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari minne, na mmoja ulisema umelala na homa siku sita. Nilimsomea mitatu.

Tangu nimalize shule sina kazi ila kungoja posta, na kuiogopa. Na mama ameanza kisomo cha watu wazima. Jana alitoa barua zako chini ya mto, akaweka kidole kwenye neno, akasoma polepole, "Ma-ma." Alicheka mpaka akafuta machozi. "Bado kidogo nitakupumzisha, mwanangu," akaniambia. Nilitoka uani nikalia.

Basi kauli yake ndiyo hii, kama alivyoisema: baki na wenzako. Kama njia ya kurudi New York ipo, rudi, hata nauli ya nyumbani ikichelewa mwaka. Usihangaike kunisamehe sasa. Pona kwanza.

Ila mama asijue, kaka. Barua za Kansas nimeshaziondoa chini ya mto. Ukiandika tena, andika kama mtu asiyewahi kuhama. Alinikabidhi ulimi wake, nami nikautumia kusema yangu. Akilijua hilo, hataniamini tena hata nikimwambia chakula kimeiva. Nakuomba sana, libaki kwetu wawili.

Mdogo wako,
Zuhura