Chui na Mwana-mbuzi ku Ukuta ya Beni

Yaya Masika, dada mukubwa yangu,

Kama karte hii ninakuandikia inanuka samaki, usikasirike: mama moja wa Kyavinyonge njo anakuletea kule Butembo. Barabara imefungwa, basoda wenye bunduki banaacha tu bamama ya samaki bapite. Miye nilikuja Beni kwa siku tatu, sasa iko mwezi ya pili.

Jana mvua ilinikimbiza mu nyumba moja ya video. Ku ukuta nikaona affiche, picha kubwa ya karatasi, ya ile dessin animé yetu, filme ya katuni: chui mudogo na mwana-mbuzi bamelala pamoja. Rangi imeisha, lakini nikabajua mara moja. Unakumbuka salle ya paroisse, kule kanisani, tukiwa batoto? Kila mara Abbé, padri yetu, alikuwa anazimaka moteri ya umeme mbele filme ifike ku mwisho, ju mafuta ya mazuti ibakie ya misa. Ku njia ya nyumbani tulikuwa tunabishana: weye unasema chui alikula rafiki yake, miye nakatala.

Nikaelezea mwenye video ile mabishano yetu, naye akaniambia: «Mwisho ninaijua. Nikuelezee?»

Nikamujibu: «Hapana, papa. Yaya yangu hayiko hapa.»

Barabara ikifunguka, kuja. Mungu akuchunge, na miye nakuchungia mwisho.

Mudogo yako,
Kambale