Mama Yupi Aende Jedda?

Shikamoo Bi Najiat. Nakuandikia kutoka Kigwa, huku kwetu Uyui, na kabla sijasema kinachoninyima usingizi naomba ujue kwamba sina mtu ninayemlalamikia, maana karibu wote nitakaowataja humu wamenitendea mema, na nadhani ndiyo sababu nimekosa pa kushika.

Mimi ni mjane, mkulima wa tumbaku na karanga, Mkatoliki. Marehemu mume wangu Vedasto alikuwa Mganda, dereva wa malori, na alifariki mtoto wetu Octavian akiwa hajaanza shule, na haukupita muda nikaugua mgongo, kukaa shida, kusimama shida, jembe silishiki. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kiislamu wa Mtendeni pale Tabora mjini, anaitwa Maua, ambaye nilikuwa namuuzia karanga za kutengenezea kashata. Siku moja alikuja kunijulia hali akamkuta mwanangu anakoroga uji peke yake jikoni, akaniomba nimpe yule mtoto akasome mjini mpaka nipone, nikampa, na kupona kwenyewe kukachukua miaka, mtoto akakulia kwa Maua na mumewe Mzee Shaban, fundi wa majiko ya bati. Walimlisha, wakamvika, wakamsomesha, na dini yake hawakuigusa. Jumapili Maua ndiye aliyemwamsha akimwambia misa haingoji mtu, na Mzee Shaban ndiye aliyempigia shati pasi. Shule zikifungwa wanampandisha treni anakuja kwangu amenawiri. Nitasema nini zaidi ya wabeja, asante ya kwetu, na neno lenyewe naliona dogo.

Mpira ameuanzia Mtendeni, kwenye vumbi. Alipokua, baba yake mdogo alimwita Kampala, akapata timu, akachukua uraia wa baba yake, na sasa ni beki wa timu ya taifa ya Uganda. Na kwa kuwa Uganda imo katika jumuiya ya nchi za Kiislamu, timu yao imealikwa Jedda kwenye mashindano ya soka ya nchi hizo. Yaani mwanangu na rozari yake anakwenda kucheza kombe la mataifa ya Kiislamu, na Mtendeni nzima inasema ni mtoto wao, nami siwakatalii.

Sasa sikia kilichonipata. Wenyeji wa mashindano wamesema kila mchezaji ataje mzazi mmoja, watamgharamia kila kitu, na mashindano yakiisha wazazi Waislamu watapelekwa Makka kufanya umra. Octavian alipiga simu nikiwa nyumbani kwa Maua, tukaiweka sauti ya juu tumsikie wote.

"Mama," akasema, "wanataka jina la mzazi mmoja tu. Niandike la nani?"

Bi Najiat, Maua hajawahi kufika Makka. Mwaka mmoja kaka yake alimwandalia safari ya hija yeye na mumewe, kila kitu kikawa tayari, Octavian akavunjika mguu uwanjani. Mimi nilikuwa kitandani. Maua akafungua sanduku lake, akatoa nguo, akamwambia Mzee Shaban atangulie peke yake, yeye akabaki wodini na mwanangu. Yule kaka alifariki baadaye na safari nyingine haikupatikana. Na wala si yeye aliyenieleza, nilielezwa na mumewe aliporudi.

Basi nikamwambia mtoto amwandike mama mkubwa wake, ndivyo anavyomwita Maua. Maua akaichukua simu, akamwambia asithubutu. Kisha akanigeukia.

"Mama Okta, mimi nililea mtoto. Sikuchukua kiti cha mama yake."

Tangu hapo hataki hata tuliongee. Kaka yangu Wilbroad naye ananiambia nikimwachia Maua hii nafasi nitakuwa nimemkabidhi mtoto jumla, na watu watasema kumbe nilizaa kwa niaba ya mwenzangu. Na ukweli wangu ni huu, sijawahi kumwona Octavian akicheza uwanjani. Alipokuwa mdogo nilikuwa kitandani, alipokuwa mkubwa alikuwa Kampala. Natamani kumwona akitoka na jezi ya nchi ya baba yake, natamani mno, na papo hapo nataka Maua aende. Mtoto anangoja jibu. Nifanyeje?

Levina, Kigwa

*

Marahaba, Levina. Niliposoma barua yako niliona ukurasa huu utachelewa kukufaa, nikakupigia simu siku ileile. Umeniruhusu niyaandike hapa tuliyozungumza, nami nakushukuru, kwa sababu wako wengi wanaobeba shukrani kama mzigo wasiojua pa kuutua.

Nilianza na kaka yako. Nilikuuliza Wilbroad alikuwa wapi mtoto alipokuwa anakoroga uji peke yake, ukasema alikuwa hapohapo Kigwa. Basi katika jambo hili hana kauli. Mtoto hakabidhiwi kwa tiketi ya ndege. Angekuwa wa kupotea angepotea zamani, na aliyekuwa anamrudisha kwako kila likizo ni huyohuyo Maua.

Nikaja kwako, na hapo nilikuwa mkali kidogo, utanisamehe. Ulimpa mwenzako nafasi ya Makka kwenye simu, mtoto anasikiliza, kama mtu anayeongeza konzi ya karanga kwa mteja. Ulitaka muungwana ajibu nini? Hata mimi ningekataa. Na usithubutu kumwambia unamlipa, maana siku ukisema unalipa utakuwa umemgeuza mfanyakazi wako, na hakukulelea mtoto kwa ujira.

Nilikwambia panda treni uende Mtendeni bila Wilbroad. Kaa na Maua jikoni, mwambie kwanza unavyotamani kwenda. Usimfiche. Umemficha ndiyo maana anahisi anakunyang'anya kitu usichokitaja. Ukishamwambia hivyo, mwombe aende yeye. Usimpe, mwombe. Kisha mpigieni mtoto pamoja, na jibu litoke kinywani mwako. Na huyo Octavian ni mwanamume mzima, haikumpasa kuwatupia mama zake swali kama lile. Mwambie naye ana kazi: ligi ya Kampala ikianza akuite ukamwone akicheza, na usikubali akikujibu kwamba tutaona.

Ulikwenda. Uliponipigia tena uliniambia Maua alikuwa anachambua karanga, na hakuinua uso muda wote ulipokuwa unasema. Ulimweleza unavyotamani kumwona mwanao na jezi. Ukamwambia, "Nakuomba uende wewe, umtazame kwa ajili yangu." Alichambua mpaka ungo ukaisha. Halafu akauliza kama Jedda kuna baridi, maana koti lake limeliwa na panya. Ukajua amekubali.

Mechi zote ulizitazama kwa Mzee Shaban, sebuleni, na majirani mpaka mlangoni. Uganda walitolewa nusu fainali kwa bao moja. Mzee Shaban kwa uchungu akataka kuzima televisheni, ukamzuia, ukamwambia unataka kumwona mtoto akitoka. Na ulimwona. Aliitazama kamera akagusa mgongo wake kwa mkono, mara mbili. Majirani wakadhani ameumia. Mzee Shaban peke yake alikutazama, akakusogezea mto uegemee.

Jana ulinipigia ukiwa huwezi kusema vizuri, nikadhani kuna msiba. Ukaniambia Maua amepiga simu kutoka Makka, amekuuliza jina la mama yako mzazi. Ulishangaa, kwa miaka yote hiyo hajawahi kuuliza. Ukamtajia: Getruda. Akakueleza kwamba mtu akiombewa dua vizuri hutajwa pamoja na jina la mama yake, na kwamba amesimama mbele ya Al-Kaaba, na anataka kukutaja kikamilifu ili pasiwe na makosa. Ukamsikia akisema, "Levina binti Getruda," kisha sauti ikapotea katika sauti za watu.

Uliniuliza utamshukuruje sasa. Levina, dada yangu, hapo ndipo ninapokukataza. Acha kutafuta kitu cha kulingana na wema wake. Mtu aliyekutaja pale hangoji umpelekee kuku. Shukuru, kaa naye, kula naye, akiugua uwe wa kwanza kufika. Hiyo inatosha, na ni kazi ya maisha.

Lakini kuna jambo moja la haraka. Umesema anatua Tabora wiki hii. Usimngojee Kigwa wala Mtendeni. Nenda uwanja wa ndege ukasimame mbele, akitoka akuone wewe kwanza. Mgongo wako usiuchoshe. Sanduku, na madumu ya zamzam yote, mpe Wilbroad abebe.