Mama Anakula Peke Yake Kwenye Jalada

Dada Ising, shikamoo. Mimi ni msomaji wa safu yako ya ushauri, niko hapa Marikina, nimekwama na mama yangu mzazi na sijui pa kushika, naomba uniokoe kabla ya maonyesho ya katuni ya Jumamosi.

Kazi yangu ni kuchora majalada ya vitabu vya katuni, na sasa tuna katuni inayohusu Manila baada ya dunia kwisha, maji yalikuja yakaondoka na watu, amebaki mwanamke mmoja tu, na Dada, sijisifu, lakini jalada la karibuni limetoka zuri kuliko chochote nilichowahi kuchora, treni ya juu imening'inia kwenye nguzo na mimea imetambaa mpaka inachungulia madirishani, jipni, zile daladala zetu, zimeota majani, bango la sabuni ya kung'arisha ngozi limebanduka likabaki tabasamu tupu, na mwanga ni ule wa asubuhi baada ya kimbunga, safi mpaka unaona haya kuufurahia.

Katikati ya magofu hayo kuna kizingiti cha jikoni, na mwanamke wa mwisho ameketi hapo anakula wali kwa mkono, ameinamia sahani. Huyo mwanamke ni mama. Sisi wachoraji huwatumia watu wa nyumbani, kwa hiyo siku moja tukila wote nilimpiga picha kwa simu, yeye yuko mlangoni na sahani yake, kaka Nonoy na watoto wake wako benchini, shangazi anapakua samaki wa kukaanga, nami nikaichukua ile picha nikafuta watu wote nikamwacha yeye, maana hadithi inataka hivyo.

Jalada lilipotoka alilibandika mwenyewe mbele ya kiduka chake, anaringa mtaa mzima. Akaja Dodong, dereva wa bajaji, kununua siki, akalitazama akampigia mama kelele, "Aling Pacing! Wali wote huo na hukaribishi mtu? Kumbe dunia itaisha, uchoyo wako utabaki!" Watu wakacheka, mama naye akacheka, lakini jioni nilikuta amelibandua. Huyu ni mtu ambaye hawezi kufungua hata pakiti ya biskuti bila kumwambia mpita njia "njoo tule", na sasa anabeba sahani yake anakwenda kula chumbani, mlango umefungwa.

Nikadhani ni kwa sababu nimemzeesha, nikamwambia nitamchora kijana, akasema, "Uso usiguse, ni wangu." Nikadhani ni kanisa, maana nyuma yake nimeuangusha mnara wa kanisa letu na yeye ni mwanakwaya, akasema, "Mnara ulishaanguka kabla hujazaliwa, tukaujenga." Basi ni nini, mama? Akasema, "Nyie mlikuwa wapi?" Nikamweleza kwamba sote tumekufa, mama, ni hadithi tu, akanitazama, akaenda kuosha vyombo.

Kila mwaka huketi nami kwenye meza yangu ya maonyesho, amefunga kwenye majani ya migomba wali wa kulisha wachoraji wote, na mwaka huu amesema haji. Mchapishaji amenipa nafasi ya kurekebisha jalada kabla ya chapa ya pili, lakini mwandishi wetu, Eboy, anasema mtu wa mwisho ni mtu wa mwisho. Je, nilitupe jalada bora la maisha yangu, au nimwache mama anune mpaka apoe mwenyewe?

Mwenye wino mikononi, Marikina

*

Mwenye wino,

Jalada hilo nimeliona. Lilikuwa limetundikwa kwenye kibanda cha vitabu kule Cubao, nami nikasimama hapo na mfuko wangu wa samaki mpaka ukanidondoshea maji viatuni. Nimesoma katuni za mwisho wa dunia tangu ujana, na nyingi ni majengo yaliyobomoka na moshi. Lako ndilo la kwanza kunifanya nitamani kuhamia kwenye magofu. Mwanga ule! Basi habari ya kulitupa nisiisikie tena.

Ila masikio yako, mwanangu, yana pamba. Mama yako amekuambia shida yake waziwazi, umeniandikia mwenyewe maneno yake, na bado hukusikia. Anakuuliza walipo watoto wake, wewe unamsimulia katuni! Umechukua picha ya mwanamke aliyezungukwa na watu wake, ukawafuta, ukamwachia wali. Tena umemwinamisha, anapeleka tonge mdomoni bila kuangalia nani anapita. Nani kwetu anakula hivyo? Wakati wa mafuriko yale makubwa nilikuwa juu ya paa na jirani zangu, tumelowa, na kila boti ya uokoaji ilipopita tulipiga kelele, "Njooni mle!" Tulichokuwa nacho ni biskuti zilizogeuka uji. Mama yako bila shaka alifanya vivyo hivyo kwenye paa lake. Dodong alitania tu, lakini jalada lilishasema kabla yake.

Magofu usiyaguse, hata jani moja. Mama abaki mtu wa mwisho, Eboy asije akapandwa na presha. Lakini pale kizingitini mpangie sahani nyingine, zile zile za nyumbani kwenu, zimefunikwa vumbi lisiingie, kwa idadi yenu nyote. Kisha mwinue kichwa. Atutazame sisi tulioshika kitabu, mkono ukielekea kwenye sahani, ili kila atakayepita kwenye kile kibanda ajue kwamba anaitwa.

Utahitaji picha mpya, najua, na najua pia utakavyokimbilia simu. Iache. Hukumkosea kwenye karatasi tu, hata huko chumbani umemwacha ale peke yake.

Leo chakula kikiiva, beba sahani yako mpaka chumbani kwake, ugonge, uingie, ukae sakafuni. Usingoje akukaribishe. Safari hii sema wewe: "Mama, njoo tule."

Atasema ameshiba, kama tunavyosema sote. Mpakulie.

Dada Ising