Sehemu Ambayo Sijawahi Kuishuhudia

Mshauri, Bwana asifiwe.

Mimi sijazoea kuomba mtu msaada, naomba Mungu peke yake, lakini hii shida nimeiombea tangu mwezi wa nne na mbingu imenyamaza, kwa hivyo naileta kwako. Naandika kwa mkono wangu. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, ukiona herufi imekaa vibaya isome hivyo hivyo. Na jina langu usifiche. Naitwa Phyllis Watiri, niko na miaka sabini na nne, nakaa huku juu ya Kianyaga, na sijawahi kujificha.

Niliokoka mwaka wa 1988 na tangu hiyo siku sijakosa ushirika wa Jumatano ila mara mbili, moja nikimzika mzee wangu na nyingine nikiwa nimevunjika mguu, na hata hiyo ya mguu walikuja wakafanyia kwangu. Nimefagia kanisa, nimepikia wageni wa mikutano, nimeombea wagonjwa ambao hata watu wao walikuwa wamechoka nao, sio kama hawa wa siku hizi wanaombea mtu kwa simu wakipika. Ushuhuda wangu unajulikana kutoka hapa mpaka Embu. Nikisimama, watu huanza kulia kabla sijafungua mdomo.

Ushuhuda wenyewe ni huu: nilikuwa mama wa majivuno, na binti yangu wa pekee, Warigia, akapata mimba akiwa kidato cha pili, shetani akamdanganya akanywa dawa ya miti ili mtoto atoke, tukampata ameanguka katikati ya kahawa, macho yamegeuka, na mimi nikapiga magoti hapo hapo kwenye mashina nikamwambia Mungu, ukiniachia hawa wawili, maisha yangu ni yako. Akaniachia. Mtoto akazaliwa, tukamwita Lynn, na kwa sababu hakukuwa na upande wa baba wa kutoa jina, akapewa langu, Watiri. Ndiyo maana nikimpigia simu nilikuwa nasema, "Hapo ni mimi?" na yeye, ambaye nyanya humwita cucu, anajibu, "Ni wewe, cucu, na umenona!" tunacheka.

Lynn alilelewa na mamake Nyeri, huko Skuta, na hakuwahi kuja ushirika wetu wa wazee, kwa hivyo hakujua. Mwezi wa nne nilishuhudia kwa mkutano, watu wakanirekodi na simu zao, hiyo video ikatembea mpaka ikamfikia. Na sasa ana mimba ya miezi saba, ya kwanza, aliyoingojea mpaka ana miaka thelathini na saba. Akamuuliza mamake, "Ni kweli ulikunywa?" Warigia akasema, "Nilikunywa." Hakuongeza neno. Lynn akamwambia, "Basi nikizaa usije kunipikia uji, na mtoto wangu usimshike." Wanakaa ploti moja, mlango na mlango, na hawasalimiani.

Warigia akapanda huku kwangu. Akasema, "Mama, wacha kuisema hiyo maneno."

Nikamwambia, "Niache kumshuhudia Yesu kwa sababu yako?"

"Sio Yesu unashuhudia, Mama. Ni mimi."

Akaenda. Hata chai hakunywa, na nilikuwa nimechinja kuku.

Sasa Agosti kuna mkutano mkubwa Kerugoya, na mzee Gichovi, anayeusimamia, ameshaniweka kwa programu. Na Biblia inasema anayemwonea Kristo haya mbele ya watu, naye ataonewa haya. Nikinyamaza, si nitakuwa nimemkana?

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kuna kitu moja, na mkono umekataa kuiandika tangu asubuhi. Hiyo dawa Warigia hakuitafuta. Niliitafuta mimi. Nilikuwa katibu wa akina mama kanisani, na mwezi huo tulikuwa tumemtenga msichana wa jirani na meza ya Bwana kwa sababu ya mimba, na ni mimi nilisoma jina lake mbele ya watu. Sasa ningesoma la nani? Nikachemsha mwenyewe, nikasimama mlangoni mpaka akamaliza kikombe. Alilia akisema, "Mama, ni chungu," nikamwambia aibu ndiyo chungu. Sijawahi kuisema. Yeye pia hajawahi, hata kwa Lynn, hata mwezi huo wa nne.

Niambie, Mungu amekuwa akisikia nini hii miaka yote? Nimeishi, ama nimeigiza? Usinipake mafuta.

Phyllis Watiri, Kianyaga

*

Mshauri anajibu:

Mama, majina yote nimebadilisha, ingawa ulinikataza. Binti yako ametajwa mbele za watu vya kutosha.

Hukutaka mafuta, basi hutayapata. Leo, kabla hujala chakula cha jioni, mpigie huyo mzee wa mkutano umwambie akutoe kwa programu. Usimpe sababu, atapata mwingine wa kuliza watu. Unaogopa kumwonea Kristo haya? Mtu hamkani Kristo kwa kunyamazisha uongo. Umesimama miaka thelathini na saba ukitubu dhambi, lakini ya mwingine. Watu wakalia, wewe ukarudi nyumbani mwepesi, na binti yako akabaki nayo. Kikombe ulimpa mara moja, Mama. Ushuhuda umekuwa ukimnywesha kila Jumatano.

Unauliza Mungu alisikia nini. Alisikia. Hapo kwenye kahawa ulipiga magoti kweli, na hiyo siwezi kukunyang'anya. Wagonjwa uliowaombea waliombewa, na wageni uliowapikia walishiba. Lakini umemtumikia kama mtu anayefagia uwanja wote akizunguka mahali pamoja kila siku, na sasa pameota msitu.

Na nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta kama Warigia ameokoka. Hujaandika. Hukuona ni muhimu. Mimi naona mwanamke aliyeulizwa na mtoto wake mwenyewe, angejitetea kwa neno moja, "Cucu," na akachagua kukufunika wewe. Yeye hana jukwaa wala hana ushirika wa kumlilia. Kama ulitaka kujua maisha ya kumpendeza Mungu yanafanana na nini, yalipanda mlima yakaja kwako, ukayapigia kelele, ukayachinjia kuku.

Sasa, utashuka Skuta kabla mtoto hajazaliwa. Anza kwa Warigia, umuulize kama anakubali useme. Siri ni yake pia, aliibeba. Akikubali, ingia kwa Lynn. Kitambaa cha kanisa uache nyumbani. Biblia pia uiache, na usiandamane na dada wa ushirika wa kuanzisha wimbo mkishindwa na maneno. Usipige magoti, maana mwanamke wa miaka yako akipiga magoti kila mtu anakimbia kumwinua, na kesi inakuwa yako. Keti kwa kiti kama mtu. Sema, "Dawa niliitafuta mimi, nikaichemsha mimi. Mama yako alikuwa mtoto, na nilisimama mlangoni." Usiseme shetani alikudanganya. Shetani hakuwa na sufuria.

Halafu nyamaza. Usiombe msamaha ujibiwe siku hiyo, msichana ana tumbo na hana nguvu za kukufariji. Akikwambia toka, toka, na usimpigie mchungaji ukiwa njiani.

Na nakujua, Mama, kwa sababu mimi pia ni nyanya wa kanisa na najua tulivyo. Ukimaliza, utasikia moyoni kwamba huu sasa ndio ushuhuda, mtamu kuliko wa kwanza, na Agosti bado haijafika. Usithubutu. Labda iko siku wenyewe wawili watakuruhusu, na labda haiko. Ukisikia mdomo unawasha, yule msichana wa jirani uliyemsoma jina, kama yu hai, unajua kwake. Nenda ukamwambie yeye.

Siwezi kukuahidi kitu. Labda Lynn atazaa na mtoto asiletwe Kianyaga ukiwa hai. Labda yote utakayopata ni kusikia kwa watu kwamba Warigia amefunguliwa mlango akaingia na uji wake, na wewe uko huko juu peke yako na moshi wako. Ikiwa ni hivyo, shukuru. Ni wewe uliyesema, "Ukiniachia hawa wawili." Hukusema watatu.

Na ukimpigia Lynn simu uulize, "Hapo ni mimi?" na usikie kimya, usikate. Ngoja akate yeye.