Chetezo Chako Kilichobaki Kwenye Mikoko

...na ndiyo maana nakwambia, Somo, kwamba wake wenza ninao watatu. Usishtuke huko uliko. Mimi ni wa nne, kwa hivyo idadi imetimia, na Ameir hata akitaka kuongeza hana nafasi tena. Najua ungecheka mpaka ukashika mbavu, halafu ungeniuliza majina yao. Wa kwanza Msitu. Wa pili Mpunga. Wa tatu ndiye mzuri kuliko wote na ndiye nisiyempenda hata kidogo, Mikoko.

Nirudi nyuma kidogo, maana ulituacha wiki tatu kabla ya harusi. Ulikuwa umeshaniweka ndani na kunifunda kila kitu, kutandika, kupika, kunyamaza, kujibu. Jioni ile ya mwisho ulisema limebaki jambo moja tu, tutalizungumza kesho. Kesho yake nilikuja Mtoni nimebeba maandazi, nikakuta majamvi yametandikwa nje na watu wamejaa. Mpaka leo nikikaanga maandazi hunijia kwikwi.

Lakini nimeolewa, Somo. Nimeolewa na yule yule Ameir uliyesema ana miguu ya korongo. Tuna vyumba viwili Malindi, ghorofani, na ngazi yake ni ya kupanda kama unakwenda kuadhini. Asubuhi namtazama akifunga kamba za viatu, nahisi kama hakuna mwanamke aliyewahi kuolewa duniani kabla yangu. Akitoka, nakaa dirishani mpaka mlio wa vespa yake uishe. Ukishaisha, bado nakaa.

Kazi yake ni kupima namna miti na udongo vinavyopeana na hewa. Hata mimi sikuelewa. Tulipomaliza fungate alinichukua juu ya paa, kwenye ule mwasmini wangu wa chunguni, akafunga mfuko wa plastiki mweupe kwenye kitawi kimoja. Ilikuwa asubuhi. Adhuhuri akaniita. Ndani ya mfuko mlikuwa na matone, Somo, kama jasho juu ya mdomo wa mtu.

"Maji haya asubuhi yalikuwa kwenye udongo," aliniambia. "Sasa yanakwenda mbinguni."

Akanieleza kwamba mchana jani huvuta ile hewa ya ukaa, inayotoka kwenye moshi na kwenye pumzi zetu, likaijenga ikawa shina na mizizi. Usiku mti nao hupumua kama sisi, ukairudisha kidogo. Msitu mzima ukifanya hivyo kwa pamoja, mvuke unaopanda ni mwingi, na baadhi ya mawingu tunayoyaona yamekunywa humo. Mpunga nao huvuta, ila tope lake likikaa chini ya maji muda mrefu hutoa hewa nyengine mbaya, kwa hivyo inabidi kupima kinachoingia na kinachotoka. Halafu akafika kwenye mikoko, na sauti yake ikabadilika. Majani yake yakianguka, alisema, tope huyameza, na bahari ikalifunika tope. Hayaozi upesi. Ile hewa iliyovutwa hukaa chini pale miaka na miaka, mpaka atokee mtu aikate mikoko na kulikausha tope, ndipo itoke.

"Mikoko inajua kutunza," akasema, huku anatazama mbali.

Na mimi, Somo? Mimi sijui kutunza? Nilimtazama yule mume wangu mzuri, macho yamemlegea kwa ajili ya tope, nikasema kimoyomoyo, hapa pana mtu.

Kisha likaja suala la udi. Unakumbuka ulivyonifundisha kumfukizia mume nguo kabla hajatoka, ili kila anayepishana naye ajue kwamba huyu ana mwenyewe. Basi nikatoa chetezo chako. Wanao walinipa mimi baada ya hitima, kimefungwa ndani ya kanga yako ya kahawia, na lile pengo lake mdomoni bado lipo. Siku ya kwanza nilipotaka kumfukizia shati, alinishika mkono taratibu.

"Zuwena, nikienda kazini usinifukize."

Alisema wakuu wake wamewakataza moshi na marashi karibu na vifaa. Huvaa shati lililofuliwa kwa sabuni tupu na hajipaki chochote. Mimi nilicheka, nikasema sawa. Lakini maneno yako yalikuwa yananizunguka kichwani. Uliniambia, mwanamume anayeukimbia udi wa mkewe, kuna pua nyengine anaiogopa. Na jioni akirudi ananuka tope, ana furaha, ananisimulia leo mikoko imevuta sana, leo mikoko imetulia. Nikimpa chai anamshukuru Mungu. Mikoko anaipa sifa.

Mwezi uliopita tulikwenda kulala siku mbili kwa mamake, Bi Kheri, kule Pete, karibu na hiyo mikoko yenyewe. Ratiba yake naijua kwa moyo. Alfajiri huanzia kwenye mpunga Cheju, saa tatu ndipo hufika kwenye mikoko. Saa mbili nikamwambia Bi Kheri nakwenda kunyoosha miguu. Akasema, "Nyoosha, mwanangu, lakini kopo la makaa la nini?" Nikajifanya sikusikia. Nilikuwa na chetezo chako ndani ya kanga, vipande vitatu vya udi, na makaa ya moto kutoka jikoni kwake. Nilitaka kumuona huyo mwanamke kwa macho yangu.

Nikapita juu ya ile njia ya mbao. Maji yalikuwa yametoka. Nikatafuta nyayo za kike kwenye tope, nikaona mashimo ya kaa tu. Hakuna mtu, Somo. Kulikuwa na visanduku vyake vitatu vya kupimia, vya plastiki angavu, kila kimoja kiasi cha ndoo, vimekaa juu ya tope, na vifuniko vyake vinafunguka na kujifunga vyenyewe. Nikaona haya. Nikageuka nirudi. Na hapo ndipo nilipoiona.

Kofia yangu. Ile niliyomshonea tangu uchumba, tundu kwa tundu, mpaka wewe ukaniambia nitapofuka. Imevishwa mtambo. Pembeni ya kisanduku cha pili kuna kijisanduku chenye nyaya, na juu yake imekaa kofia yangu, imenyooka, kama bwana harusi.

Sijui nikuambie nini. Niliichukua kofia, nikaweka chetezo ukingoni mwa kile kisanduku, nikamwaga makaa, nikatia udi wote, nikapepea kwa ncha ya kanga. Nikasema kwa sauti, peke yangu pale na kaa, "Haya, mke mwenzangu, pokea harufu ya mwenye mume." Moshi ukajaa ndani. Kifuniko kikajifunga, tak, kama mtu anayesonya. Nikakimbia. Chetezo chako nikakiacha, Somo. Nisamehe. Nilikumbuka nimeshafika kwa Bi Kheri, na kurudi sikuthubutu.

Ameir alirudi magharibi. Alimwambia mamake kwamba mikoko leo imetoa hewa kama inayoungua, kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Mkuu wake, mama mmoja wa makamo, alikwishaziona namba alizotumiwa, akampigia simu kumuuliza ni nani aliyevuta sigara pale, au kama namba amezitunga mwenyewe. Mkataba wa Ameir ulikuwa unamalizika na mwezi ule. Nikauliza, nikitazama chini, yeye alijibu nini.

"Nimesema sijui."

Akenda kuoga. Juu ya kitanda aliacha mkoba wake wazi. Nikachungulia. Chetezo chako kilikuwa ndani, kimeoshwa, kimekaushwa, kimezungushiwa shati lake ili kisigonge.

Alijua, Somo. Alijua tangu saa tatu ya asubuhi. Alikuwa tayari aitwe mwongo na mvuta sigara, na kazi aipoteze, kuliko kulitaja jina langu. Nikalia mpaka Bi Kheri akadhani nina mimba.

Alipotoka kuoga nikampa kofia yake, na kabla sijasema neno akaniambia jana yake kile kijisanduku kilikuwa kinaungua jua, na kivuli pekee alichokuwa nacho kilikuwa kichwani mwake. Akazunguka kichwa wazi siku nzima. Nikamwambia anipe daftari lake la vipimo. Hakutaka. Tulivutana. Mwishowe nikaandika kwa mkono wangu, chini ya namba za siku ile: "Asubuhi hii, kabla ya mpimaji kufika, mkewe Zuwena aliweka makaa na udi kwenye kisanduku cha pili, kwa wivu. Namba za saa hiyo si za mikoko. Ni zangu."

Asubuhi aliituma picha ya ukurasa ule. Tulikaa tunaitazama simu mpaka chai ikapoa. Mkuu alipopiga, alicheka kwa muda mrefu. Akasema namba za saa hiyo zifutwe, siku iliyobaki ihesabiwe, Ameir aendelee na kazi, na mkewe asivuke ubao wa kwanza akiwa na moto. Kisha akauliza udi ule naununua wapi.

Basi nimo daftarini pamoja nao, Somo. Msitu, Mpunga, Mikoko, na Zuwena. Wivu haujaisha, nisikudanganye. Jana Ameir aliusifu mpunga nikapakua wali kwa kishindo. Na lile jambo moja ulilobakisha bado ninaliwaza. Labda lilikuwa hili la wivu. Labda lilikuwa la namna ya kupika boko boko tu.

Dadangu ameniambia mwasmini uliopandwa kichwani pako, pale nyuma ya nyumba yenu Mtoni, umeshika vizuri na umeanza kutoa maua. Nimefurahi, na nimeuonea wivu pia, kwa kuwa unakaa na wewe kila siku. Uambie usijivune, mwari wako ni mimi. Nitakuja na Ameir, nimemfukiza shati, maana siku hiyo si ya kazi. Nitakuja na mfuko mdogo mweupe, niufunge asubuhi kwenye kitawi kilicho karibu nawe, nikusomee Yasini, nikae mpaka adhuhuri niyaone yale matone yakipanda. Kabla mwezi huu haujaisha, Somo, nitakuja.