Kifua Wazi Mbele ya Joka

Febronia uko hewani? Nimejifungia chooni, hapa dukani kwa Narendra.

Ule mchezo wetu wa mezani wa majoka, si unaujua? Leo wahusika wetu wanaingia pangoni, kila mtu anachagua deraya, vazi la kujikinga vitani. Narendra kamvalisha wake chuma mpaka kisigino.

Kamili kakataa hata ile nyepesi ya ngozi! Eti, "Wangu shimoni anaingia kifua wazi."

Kifua wazi! Mbele ya joka! Narendra akamwambia, "Kaka, unakwenda kupigana au kuoga?" Tukacheka mpaka meza ikatikisika.

Kamili hakucheka. Akasema polepole, "Baba alishuka na koti kwenye duara, shimo la wachimba dhahabu kule Rwamgasa, mwaka themanini na nne. Udongo ulipoanza kumeguka, wenzake walitambaa wakatoka. Yeye koti lilinasa kwenye gogo."

Koti tu, Febronia! Na miaka yote hii hajawahi kutuambia.

Narendra akachukua raba, akafuta chuma chote kwenye karatasi yake. "Basi tunaingia wote, kifua wazi."

Sasa wananisubiri mimi. Joka naliendesha mimi, na dadu za kuamua nani ataungua ninazo hapa mkononi.